Jina la Tatu Katika Daftari

Chumba kilikuwa kimoja, na Obura alikitaja mara tatu ili kesho isije ikasemwa kwamba hakusema. Kimoja, nambari sita, cha mwisho upande wa jikoni, vitanda viwili na ndoo. Vyumba vingine vitano vilijaa watu waliokuja kwa daktari wa macho, na hoteli nyingine za Waafrika pale Nakuru zilikuwa zimefungwa na serikali tangu Hali ya Hatari itangazwe. Asiyetaka nambari sita alikuwa huru kwenda kujilalia stesheni akutane na askari wa doria.

Dalmas Khisa alisimama mbele ya meza, kofia mkononi. Nyuma yake alisimama mkewe, Milcah, na nyuma ya Milcah, ameshikwa mkono, alisimama mama yake Milcah, Nekesa, mwanamke mrefu aliyeinamisha kichwa. Nekesa alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake na leso ameivuta hadi kwenye paji. Ndivyo alivyokaa hata katika treni ya kutoka Rongai, mwisho wa behewa, na Dalmas mwisho wa pili, na Milcah akitembea kati yao kupeleka maji na ndizi.

"Huyu mama ni nani wako?" Obura akauliza. Kalamu aliishika tayari. "Sheria mpya. Chumba kimoja, jamii moja. Lazima niandike kila mtu na vile anahusika."

Swali lilikuwa jepesi kwa yeyote asiyekuwa Mbukusu. Dalmas alijua kwamba mwanamume hakai chumba kimoja na mama wa mkewe, hali mbele yake, hamtazami usoni, sembuse kulala chini ya bati moja naye. Kule Rongai, ambako yeye alikuwa karani wa mizani katika ghala la mahindi, Nekesa alilala siku nne kwa jirani yao Jepkoech, na siku hizo zote Dalmas aliingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma. Alijua pia kwamba Obura ni Mjaluo, na kwao mambo ni yale yale. Angesema "ni mkwe wangu," Obura angefunga daftari na kuwatoa nje, maana nani anataka laana ya watu wengine katika nyumba yake ya biashara?

"Ni mama yangu," Dalmas akasema.

Milcah aliinua kichwa kwa ghafula. Nekesa hakutikisika.

"Mama mzazi?"

"Mzazi."

Obura akaandika kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, polepole, ulimi ukitokeza kidogo. Dalmas Khisa, mwenye nyumba. Milcah, mke. Nekesa, mama. Akapuliza wino ukauke.

Dalmas hakuona kwamba amefanya jambo kubwa. Mpango wake ulikuwa rahisi: wanawake walale nambari sita, na yeye aende kwenye nyumba za reli kulala kwa mtu wa kwao. Asubuhi angekuja kuwachukua, wawe hospitali saa mbili kamili. Barua ya hospitali ilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti lake, imekunjwa mara nne, nambari kumi na saba. Daktari wa macho alikuja mara moja tu kwa mwaka, akatibu watu hadi saa sita mchana, na alasiri akapanda treni akaenda zake. Jicho la kushoto la Nekesa lilikuwa limekwisha kufa. La kulia lilibaki na mwanga kama wa taa iliyofunikwa kitambaa, na dresa wa zahanati ya Rongai alisema bila kuficha kwamba mwaka ujao hakutakuwa na la kutibu.

"Sasa sikilizeni," Obura akasema, akishika ufunguo asiutoe. "Saa moja nafunga lango. Saa mbili askari wanakuja kuhesabu. Kila mtu awe ndani ya chumba yake, vile nimeandika. Akikosa mmoja, hoteli wanafunga na mimi naenda ndani. Si maneno yangu. Ni yao."

Dalmas akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili u nusu.

*

Walikutana uani, mume na mke, kando ya rundo la kuni. Jikoni mpishi alikuwa akikwangua sufuria. Mlango wa nambari sita ulikuwa wazi, na ndani Nekesa alikuwa amekaa kitandani na mikono mapajani. Viatu hakuvua.

"Kwa nini ulisema hivyo?" Milcah akauliza kwa sauti ya chini.

"Ningesema nini? Angetufukuza."

"Sasa unaenda reli?"

"Nusu saa haitoshi. Na nikikosekana kwa hesabu huyu mzee wanamshika, na wewe na mama mtalala korokoroni naye." Alivua kofia, akaivaa tena. "Nimetutia ndani, Milcah."

Milcah hakumkemea. Alikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe haikujua ishuke kwa nani. Aliingia chumbani, akachuchumaa mbele ya mama yake, akamweleza kwa Kibukusu, taratibu. Nekesa alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nitalala jikoni," akasema.

"Mpishi hatakubali, mama. Umeandikwa humu."

"Wewe mwambie."

Milcah akaenda kumwambia. Mpishi, mtu wa makamo mwenye aproni iliyokuwa nyeupe zamani, alimsikiliza huku akifuta mikono, kisha akamshika Nekesa mkono na kumrudisha mwenyewe hadi nambari sita kana kwamba ni ng'ombe aliyepotea zizi. "Mama, kaa hapa. Ukitoka mimi ndio nitapigwa," akasema, wala hakusema kwa ubaya.

Nekesa alikaa tena pale pale. Alikuwa mwanamke aliyezoea kuondoka mahali asipopataka; nyumbani Kimilili aliwahi kutoka harusini katikati ya nyimbo kwa sababu ya neno moja la shemeji. Hapa hakuwa na pa kwenda. Aliusikia ukuta karibu na bega la kulia na ndoo karibu na mguu wa kushoto, na katikati ya hivyo viwili ndipo serikali ilipotaka akae.

"Mama," Milcah akasema, na aibu ikamshika hata kabla ya kusema. "Wewe huoni. Hata akiingia akakaa pale mlangoni, hutamwona. Ni kama hayumo."

"Macho ndiyo yamekufa," Nekesa akajibu. "Mimi sijafa."

Dalmas aliyasikia yote kutoka uani, maana mbao za hoteli ile zilikuwa nyembamba, na akashukuru moyoni kwamba mkwe wake amekataa. Angekubali, yeye angeingia vipi? Miguu ingempeleka? Akaamua kungoja hapo hapo kwenye kuni. Askari wakifika mlango wa mbele angewasikia, angesimama kwenye kizingiti cha nambari sita, mguu mmoja ndani na mmoja nje, ahesabiwe, kisha arudi kwenye kuni zake mpaka asubuhi. Baridi ya Nakuru ilikuwa kali, lakini mtu hafi kwa baridi ya usiku mmoja akiwa na koti.

Askari wakaja saa mbili kasoro dakika kumi, na wakaja kwa nyuma.

*

Walikuwa wanne, na aliyewaongoza alikuwa Koplo Kosgei, mtu mkimya mwenye masharubu membamba, na nakala ya orodha ya wageni mkononi. Tochi ilimkuta Dalmas amechutama nyuma ya kuni, kola ameinua. Kwa miaka ile, mtu aliyechutama gizani nyuma ya kuni hakuwa na maelezo mengi ya kuaminika.

"Wewe ni wa chumba gani?"

"Sita, afande."

"Sita wameandikwa watatu. Mbona uko hapa?"

Dalmas alikuwa na jibu la kweli, na jibu lenyewe lilikuwa fupi. Lakini jibu hilo lingesema kwamba daftari lina uongo, na uongo katika daftari la wageni ulikuwa kifungo kwa aliyeusema na kwa aliyeuandika. Alimwona Obura amesimama kwenye mlango wa jikoni na taa mkononi.

"Nilikuwa nimeenda haja," akasema.

"Choo iko upande ule." Kosgei akaelekeza tochi upande wa pili wa ua, kwenye choo, kisha akairudisha usoni mwa Dalmas. "Chukueni huyu."

Milcah alitoka mbio, akaanza kusema, na askari mmoja akamsukuma kifuani kwa mkono wazi, si kwa nguvu, kwa namna mtu anavyosukuma mlango. Alianguka kwenye kuni. Lori lilikuwa barabarani na watu kumi wengine ndani yake. Liliponguruma na kuondoka ndipo Milcah alipokumbuka koti. Barua ilikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa ndani ya lori.

Alirudi chumbani, akakaa kitanda cha pili. Obura alikuja akasimama mlangoni, akasema anasikitika, akasema tena kwamba yeye hana kosa, kisha akafunga kwa nje kama alivyoamriwa.

"Wamemchukua?" Nekesa akauliza.

"Na barua."

Nekesa alivua viatu vyake sasa, kimoja kimoja, akavipanga chini ya kitanda. Mahali pale palikuwa pametolewa mtu ili yeye apate kulala, na usingizi haukuja.

*

Asubuhi saa mbili kasoro walikuwa hospitalini. Foleni ilikuwa ndefu, wengi wao wazee wameshikwa mikono na wajukuu, na mbele alikaa karani mwenye meza ndogo na orodha. Milcah alimweleza. Karani alimsikiliza nusu.

"Jina liko. Nekesa, kumi na saba. Barua?"

"Barua iko na bwana yangu, na bwana yangu ameshikwa jana usiku. Lakini jina si liko hapo?"

"Bila barua nitajuaje huyu ndiye Nekesa? Watu mingi wanataka hii daktari, mama. Mwaka jana mmoja alikuja na jina ya marehemu." Alimtazama Nekesa juu hadi chini, kama mtu anayekagua gunia. "Leta barua kabla ya saa sita."

Kutoka hospitali hadi boma la senyenge walikowekwa watu wa jana kulikuwa na mwendo wa dakika arobaini kwa mtu anayeona. Kwa Nekesa ulikuwa mwendo wa saa moja na zaidi. Alijikwaa mara mbili, na mara ya pili kiatu kikamtoka, akapoteza ukucha wa kidole gumba cha mguu. Njiani walipitwa na Wazungu katika magari, na mbwa wao, na Mhindi mmoja aliyekuwa akifungua duka aliwaambia wasisimame kivulini kwake.

Kwenye lango la boma kulikuwa na wanawake wengine kama arobaini. Walikaa chini. Saa nne ikapita. Ndani, nyuma ya waya, wanaume walikuwa wamekaa kwa safu, mikono juu ya vichwa, na mbele yao palikuwa na meza yenye Mzungu kijana, inspekta, aliyekuwa akiita mmoja mmoja. Milcah alimwona Dalmas katika safu ya tatu. Alikuwa bila koti.

"Dalmas Khisa," hatimaye Koplo Kosgei akaita akiwa na karatasi. "Watu wake wapo?"

Milcah akamwinua mama yake, wakasogea hadi kwenye waya. Dalmas akaletwa upande wa pili. Na hapo, bila kufikiri, akafanya kile alichokuwa amekifanya kila walipokutana kwa miaka tisa. Alipoona Nekesa yuko hatua tatu mbele yake, aliugeuza uso, akatazama chini kando, na Nekesa naye, aliposikia mnyororo wa lango, akavuta leso akajifunika.

Kosgei aliwatazama wote wawili. Alikuwa mtu wa Nandi, na mama mkwe wake mwenyewe alikuwa hai.

"Huyu mama ni nani wako?" akamuuliza Dalmas.

"Mama yangu."

"Mama mzazi, na hutaki kumwona?"

Kosgei akarudi kwenye meza, akanong'ona na inspekta. Inspekta alikuwa amechoka, hakulala, na alitaka chai.

"Wewe nasema mama yako," inspekta akasema kwa Kiswahili chake cha mashamba. "Kitabu ya hoteli nasema mama yako. Koplo nasema hapana mama. Nani nasema wongo? Kama kitabu iko wongo, wewe iko mtu mbaya, mwenye hoteli iko mtu mbaya."

"Tumjaribu, bwana," Kosgei akasema. "Mama haoni. Mama mzazi hata akiwa kipofu anamjua mtoto wake kwa mkono. Ashike nyuso. Akimjua, amchukue. Asipomjua, tunajua."

Inspekta akaangalia saa yake. "Haya. Pesi."

Milcah alielewa kabla ya wote. Koplo hakutaka kujua kama mama atamtambua mwanawe. Alitaka kuona kama mkono wa mama mkwe utafika kwenye uso wa mkwe. Alijua haufiki, usingefika kwao, na alijua usingefika kwa Wabukusu. Hata Dalmas alilijua hilo, na jasho lilimtoka asubuhi ile ya baridi.

"Ni saa ngapi?" Nekesa akauliza.

"Saa tano na robo, mama."

"Basi nipeleke."

"Hapana. Aende peke yake," Kosgei akasema, akimwelekezea Milcah kidole. "Mama wewe baki hapo."

*

Walisimamishwa wanaume watano, Dalmas wa nne. Kosgei aliwaambia kwamba atakayefungua mdomo kusema neno moja atarudi safu ya mwisho na atalala hapo wiki. Akamshika Nekesa begani, akamgeuza mara mbili ili asijue upande aliotoka, akamwachilia.

Nekesa alisimama peke yake kwenye vumbi. Hakuwahi kumshika Dalmas hata siku ya mahari. Sura yake hakuijua. Alipokuwa bado akiona, alimwona kwa mbali, kofia na mabega. Sauti yake aliisikia kupitia kuta. Harufu yake hakuijua. Mtu aliyemwoa bintiye, aliyemlisha, aliyempeleka kwa daktari, alikuwa kwake mtu wa mbali kuliko muuza chumvi wa sokoni. Alinyoosha mkono wa kulia mbele, vidole vimetengana, akapiga hatua moja akiwa hajui anakokwenda. Mmoja wa askari alicheka.

Alipiga hatua ya pili, na ya tatu, akielekea kati ya mtu wa tatu na wa nne.

Dalmas aliuona mkono ule ukija. Koo lake likafanya lililozoea. Kila alipokwenda Kimilili, tangu alipooa, alianza kukohoa akiwa bado upande wa pili wa mto, vikohozi viwili vifupi na kimoja cha kuvuta, ili mama mkwe aliye njiani asikie, apishe, aingie kwenye mahindi mpaka apite. Hakuna aliyemfundisha namna ya kukohoa. Ilikuwa yake tu. Sasa mama mkwe alikuwa anakuja, na yeye hakuwa na pa kupishia. Akakohoa. Viwili vifupi, kimoja cha kuvuta.

Nekesa alisimama.

Kwa miaka tisa kikohozi kile kilikuwa kimemwambia neno moja tu: ondoka. Alikuwa amekitii akiwa na kuni kichwani, akiwa na mtungi, mara moja akiwa na homa. Miguu yake ilitaka kukitii hata sasa; Milcah, aliyekuwa kwenye waya, aliiona ikitaka kugeuka. Kisha Nekesa akakiendea.

Mkono ulifika kifuani kwanza, ukapanda shingoni, ukafika usoni. Ulipita kwenye taya lisilonyolewa, kwenye pua, kwenye macho ambayo Dalmas alikuwa ameyafumba kwa nguvu, ukasimama kwenye paji. Machozi yalimtoka Dalmas kati ya vidole vya mama wa mkewe. Hakuna mtu yeyote wa kwao aliyewahi kuona jambo la namna hiyo, na wale wanawake waliokuwa kwenye waya, walioinuka wote kutazama, walikuwa wa kutoka makabila manne.

"Ni huyu," Nekesa akasema kwa Kiswahili. "Nilimzaa mwaka wa njaa, ile ya baada ya vita. Alikataa kunyonya siku mbili."

Kosgei alikuja karibu. Alimtazama mama, akamtazama mtu aliyefumba macho. Aliyajua yote. Kila mtu pale mwenye mkwe aliyajua.

"Una hakika, mama? Huyu ni mtoto wako?"

"Nimesema."

Kosgei alirudi mezani, akaandika. Ilimchukua muda, kalamu ya inspekta ilikuwa imekauka, ikabidi itafutwe nyingine, kisha muhuri ukatafutwa, kisha koti likatafutwa katika rundo la makoti, na kila kitu kilitafutwa na mtu asiyekuwa na haraka. Alipomkabidhi Dalmas karatasi alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama: "Nimeandika mama. Sasa msinibadilishie."

*

Walikwenda mbio, kama watu wanavyoweza kwenda mbio na kipofu aliyeng'oka ukucha. Dalmas alitangulia na barua mkononi; kisha alirudi, akasimama, asijue kama anaweza kumshika mkono upande wa pili ili wafike upesi. Alikuwa ameshikwa uso. Je, mkono? Milcah alimtazama kwa jicho la kumsihi. Yeye akasimama hivyo hivyo, mkono nusu angani, kisha akatangulia tena. Baadaye maishani alijiuliza mara nyingi kama zile dakika ndizo zilizowachelewesha.

Meza ya karani ilikuwa imekunjwa na kuegeshwa ukutani. Foleni haikuwapo. Karani mwenyewe alikuwa akifunga orodha kwa kamba.

"Barua hii hapa," Dalmas akasema, akihema. "Kumi na saba."

"Saa sita imepita. Ni sita na dakika ishirini na tano."

"Tulishikwa. Karatasi hii hapa, ya polisi. Tazama muhuri."

Karani aliitazama kwa heshima, kwa sababu ya muhuri. "Hii inasema mmeachiliwa. Haisemi daktari angoje. Daktari anakula, saa nane yuko stesheni. Hata mimi nikienda kumwita atanifukuza."

"Bwana, jicho lenyewe ni moja. Mwaka ujao halipo."

"Mwaka ujao mje mapema."

Akafungua kamba tena, maana alikuwa mtu wa utaratibu, akaitafuta nambari kumi na saba, na mbele ya jina akaandika neno moja. Dalmas alilisoma juu chini kutoka upande wa pili: *Hakufika.*

"Lakini yupo hapa," Milcah akasema. "Amesimama mbele yako."

"Saa sita hakuwepo," karani akajibu, akafunga kamba.

Nekesa aliuliza kilichoandikwa, na Milcah hakuweza kumwambia. Dalmas ndiye aliyemwambia, akiwa ameelekea upande mwingine, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia. Nekesa alitikisa kichwa mara moja, akauliza njia ya kurudi ni ipi.

*

Treni ya Rongai ilikuwa kesho asubuhi. Obura aliwaona wakiingia, akaondoka kwenye meza akarudi, akaondoka tena. Habari ilikuwa imemfikia kabla yao. Mji wenyewe si mkubwa.

"Nimesikia," akamwambia Dalmas. "Mimi si mtoto. Ningejua jana, msingelala hapa hata kwa bunduki." Akafunua daftari, akalifunika. "Lakini mtu akisema mbele ya serikali huyu ni mama yangu, na serikali ikapiga muhuri, mimi Obura ni nani? Nikiwapa vyumba viwili sasa watauliza kwa nini. Nambari sita iko. Saa mbili wanahesabu. Na usinikalie kwenye kuni, tafadhali."

Wanawake walitangulia. Milcah aliosha kidole cha mama yake kwa maji ya ndoo na kukifunga kwa kipande cha leso. Hakuna aliyekula. Nekesa alihamia kitanda cha ukutani, akajisogeza mpaka bega likagusa mbao, na nafasi ikabaki chumbani, kubwa kuliko ya jana.

Dalmas alisimama kwenye ujia, nje ya mlango. Saa moja Obura akafunga lango. Saa moja u nusu mpishi akazima moto. Wapangaji wa nambari tano, waliotoka kwa daktari na bandeji nyeupe machoni, walikuwa wakicheka na kusimuliana walivyoona vidole vya daktari kabla ya kufungwa bandeji. Barabarani lori likasimama, na injini yake ikazimwa.

Dalmas akausogelea mlango. Koo likafanya lililozoea: viwili vifupi, kimoja cha kuvuta. Alipojisikia akikohoa alitamani ardhi immeze, maana kikohozi kile kilikuwa kikimwambia mama wa watu aondoke, na pale hapakuwa na mahindi ya kuingia.

Viatu vya askari vilikuwa vimefika uani.

"Ingia, mwanangu," Nekesa akasema. "Si tumeshaandikwa."

Akaingia. Akakaa sakafuni kando ya mlango, magoti kifuani, uso ameuelekeza kwenye bawaba. Milcah alikaa katikati yao. Tochi ya Kosgei iliingia, ikapita polepole kwa mmoja, kwa wawili, kwa watatu, ikakaa kidogo kwa yule wa ukutani, ikatoka. Ufunguo ukazungushwa kwa nje. Ndipo Nekesa alipoivuta leso yake kutoka mabegani na kuyafunika macho yake, yote mawili, akalala.